BIMA YA NYUMBA NA YA GARI: FEDHA NYINGINE ILIKWENDA WAPI?

(Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wanachama huko Nkoma katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumepewa nafasi fupi katikati ya ngoma na chakula, nasi twajua kwamba mtu mwenye njaa hasikilizi hesabu kwa muda mrefu. Walakini hesabu tuliyo nayo leo ni deni. Katika mkutano mkuu uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza: upepo uliezua ghala, fundi akasema matengenezo ni shilingi 8,000,000, watu wa bima wakaleta 3,600,000, fedha nyingine ilikwenda wapi? Watu walicheka, lakini hawakucheka kwa furaha. Wengine walitutazama mifukoni. Siku ile tulijibu kwa haraka na kwa maneno ya kiofisi, wala hapana aliyetuelewa. Leo twataka kujibu vema, kwa sababu jambo lililotupata sisi laweza kumpata kila mwenye nyumba ya bati na kila mwenye chombo cha moto.

Bima si kitu kigeni kwetu kama wengine wadhanivyo. Zamani nyumba ya mtu ikiungua hapa Usukumani, basumba batale waliwakusanya watu, huyu na fito, huyu na nyasi, na baada ya siku chache mwenye nyumba alilala ndani. Hakuna aliyemdai, maana kila mmoja alijua zamu yake yaweza kuja. Hiyo ndiyo bima yenyewe: wengi kutoa kidogo ili mmoja asiangamie. Lakini fito na nyasi hukatwa porini. Bati, saruji na nondo hununuliwa dukani kwa fedha taslimu, na injini ya gari haikatwi porini kabisa. Ndipo ilipobidi fito zigeuke kuwa ada. Wenzetu wa London walilijua hilo baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666 ulioteketeza mji. Katika miaka ya 1680 Nicholas Barbon akaanzisha biashara ya bima ya moto kwa nyumba. Wanaushirika wa Rochdale, ambao sote twawataja katika semina zetu, walianzisha bima yao mwaka 1867. Nchini kwetu Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na tangu 1967 likashika biashara yote ya bima, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Kwa sheria ya mwaka 2009 ikawekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kuyasimamia yote.

Sasa turudi ghalani.

Ghala lile, kwa bei ya kulijenga upya, lilikuwa la shilingi 60,000,000. Sisi tulipojaza fomu ya bima tuliandika 30,000,000. Hatukuiba, wala hatukukosea kalamu. Tulitaka kubana matumizi. Ada ilihesabiwa shilingi mbili kwa kila elfu moja, basi kwa kupunguza nusu ya thamani tuliokoa shilingi 60,000 kwa mwaka, mbali na kodi. Tulifanya hivyo miaka mitatu, na mbele ya Kamati tulisifiwa kwa uangalifu. Hatukujua, au tuseme kweli, hatukusoma, kwamba katika mkataba yamo maneno haya: mtu akikata bima kwa nusu ya thamani ya jengo, yahesabiwa kwamba nusu nyingine ameibeba mwenyewe. Haidhuru hasara ni ndogo kuliko fedha iliyoandikwa. Hasara ya 8,000,000 ikagawanywa mara mbili: 4,000,000 juu ya kampuni, 4,000,000 juu yetu. Kisha likatolewa fungu la kwanza la hasara, ambalo kila mwenye bima hujilipia mwenyewe. Kwetu lilikuwa sehemu moja ya kumi ya malipo, yaani 400,000. Ndiyo 3,600,000 mliyoiona. Tuliokoa 180,000 kwa miaka mitatu, tukapoteza 3,600,000 kwa usiku mmoja. Fedha nyingine, mzee wetu, haikwenda popote. Haikuwapo tangu siku tulipoandika fomu. Na kosa lilikuwa letu, si la watu wa bima.

Tumelisema hilo wazi kwa kuwa wengi wenu mwafanya vivyo hivyo. Mwenye nyumba aulizwapo thamani yake hutaja ya chini ili ada iwe ndogo, au hutaja aliyotumia alipojenga miaka kumi na miwili iliyopita, bati lilipokuwa bei nyingine. Nyumba hukatiwa bima kwa gharama ya kuijenga upya leo. Kiwanja hakiungui, kwa hiyo bei ya kiwanja msiitie. Hapo pana akiba halali ambayo wengi hawaitumii. Lakini msifiche paa la nyasi, wala jiko la kuni lililoegemea ukuta, wala pamba mnayoiweka chumbani mkisubiri siku ya mnada. Pamba yenye mbegu ikishika moto hamwoni moshi mpaka imechelewa. Aliyeficha jambo kama hilo huenda asilipwe hata senti moja, na ada zake za miaka yote zimekwenda bure.

Kwa magari twafanya kinyume chake, na hapo twashangaa sisi wenyewe. Nyumba twazishusha thamani, magari twayapandisha! Mwenzetu alinunua gari dogo kwa 20,000,000. Baada ya miaka mitano sokoni halikufika 12,000,000, naye kila mwaka akaandika 20,000,000 ile ile. Bima kubwa ya gari la mtu binafsi hutozwa si chini ya asilimia 3.5 ya thamani. Basi alilipa 700,000 badala ya 420,000, na kodi ya asilimia 18 juu yake. Tofauti ni shilingi 330,400 kwa mwaka. Gari likipotea, kampuni haitamlipa milioni ishirini. Italipa bei ya gari lilivyo sokoni siku hiyo. Bei ya mfuko wa mbegu na dawa mnaijua. Pimeni wenyewe ni heka ngapi zimetupwa hapo.

Mwenye gari kuukuu asione haya kukata bima ndogo. Ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura 169. Ila ajue amenunua nini: yamlipia mtu mwingine aliyeumizwa, wala haitengenezi gari lake lililopinduka mtoni. Wako waliokuja ofisini kwetu na hati ya bima ndogo mkononi wakidai taa na vioo, wakatuacha na hasira.

Kuna unafuu mmoja ambao hatuutaki. Kijana mmoja wa bodaboda, jina lake tunalihifadhi, alinunua stika kwa mtu wa stendi kwa bei ya karibu nusu. Alipomgonga mama mmoja na kumvunja mguu ikaonekana stika ile haimo katika kumbukumbu zozote. Ng'ombe wa baba yake ndio waliotibu mguu ule. Siku hizi stika huhakikishwa kwa simu katika mfumo wa Mamlaka, kabla hujatoa fedha. Fanyeni hivyo hata kama anayeuza ni shemeji yako. Na risiti iwe na jina la kampuni, si la wakala peke yake.

Mengine twayataja mbio, maana sahani zimeanza kulia. Ulizeni bei kwa makampuni matatu. Mwenye gari ambaye hakudai mwaka mzima na aombe punguzo lake; asipoomba, aghalabu halitajwi. Ukikubali kubeba fungu kubwa zaidi la hasara ya kwanza, ada hupungua, lakini ukubali tu fungu ambalo waweza kulitoa mwezi wa Januari kabla ya mavuno, si mwezi wa Julai ukiwa na fedha ya pamba. Msikate bima mbili kwa nyumba moja mkitumaini kulipwa mara mbili. Na mkidhulumiwa, msiishie kulalamika kilabuni; yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa kazi hiyo.

Bodi imetuagiza tulete pendekezo, nalo ni hili. Mkulima mmoja wa Nkoma akienda peke yake kuomba bei, ni mtu mmoja. Wakienda wanachama mia tatu kwa jina la Chama, kampuni itavuta kiti. Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1968 na idara ndogo ya bima ndani ya shirikisho lao la ushirika, na mwaka 1978 wakapata kibali cha kampuni kamili. Sisi hatuombi kampuni. Twaomba ruhusa ya kuandikisha nyumba na magari ya wanachama kwa pamoja, kualika bei kwa barua zilizofungwa, na kuzifungua mbele yenu, hapa hapa uwanjani, mzee wetu aliyeuliza lile swali akiwa ameketi mbele.

Vitabu vya kuandikisha viko kwa makatibu wa AMCOS. Mwenye nyumba aje na vipimo vya vyumba na idadi ya mabati. Mwenye gari au pikipiki aje na kadi yake. Vitabu vitafungwa kabla ya ununuzi wa pamba kuanza mwezi wa Mei, kwa maana baada ya hapo hakuna atakayetuona ofisini. Thamani ya ghala tumekwisha kuiandika upya, 60,000,000, na nakala ya mkataba imebandikwa ukutani kwa Kiswahili kwa kila atakaye kuisoma.