Kioo cha Simu na Jani la Mgomba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Bukoba)



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kuandika programu za simu. Nitasema jambo moja tu: picha ionekanayo kiooni kabla hujaipiga.

Mnyauko wa migomba ulithibitishwa wilayani Muleba mwaka 2006, nanyi mnajua shamba likishikwa linavyokuwa. Mwaka 2019 watafiti wa Bioversity na CIAT walitoa programu iitwayo Tumaini, ambayo hutazama picha ya mgomba na kutaja ugonjwa. Basi mkulima anayeelekeza simu kwenye jani ana swali zito: nikate au nisikate?

Kamera nyingi hutoa picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, lakini kioo chaweza kuwa cha 16 kwa 9. Simu ikilazwa, au kioo kikigawanywa kwa programu mbili, eneo la kuonyeshea picha hubadilika. Jicho la kamera ni lile lile. Mwandishi wa programu asipopima upya, picha huvutwa ili ijaze eneo.

Fanyeni hesabu. Simu imesimama, kioo kina nukta 1080 kwa upana na 1920 kwa urefu. Kwa upana huo picha yataka urefu wa 1440. Ikivutwa hadi 1920 imerefuka kwa theluthi moja, na doa la duara limekuwa yai. Picha itakayohifadhiwa yaweza kuwa sahihi, lakini mkulima asiyeamini anachokiona hataamini atakachoambiwa.

Dawa yake ni hii. Eneo likibadilika, Android huiarifu programu. Simamisha maonyesho, soma vipimo vipya na upande simu ilikogeukia, katika vipimo ambavyo kamera yenyewe huvikubali, chagua kilicho karibu na uwiano wa eneo, kisha anza tena. Kinachozidi kikate, au acha ukanda mtupu pembeni. Usivute kamwe. Siku hizi CameraX ya Google hufanya sehemu kubwa ya kazi hii, lakini kuamua kukata au kuacha ukanda ni juu yako.

Vijana, uwiano si hesabu ya mtihani tu. Yupo mkulima mwenye panga mkononi anayeingoja ifanywe sawasawa.