Dhahabu Yetu Imelizidi Jua Umri

(Hotuba iliyotolewa kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu)



Sisi wawili tuliopewa nafasi hii tumesoma kwenye madarasa kama mliyosoma ninyi, na michembe tumeila. Leo tunafundisha fizikia chuo kikuu, na utafiti wetu ni wa kuunganisha viini vya atomi, kazi ileile inayolifanya jua liwake. Kila tukirudi nyumbani wazee hutuuliza: "Miaka yote hiyo, mmepata nini?"

Tuseme kweli: umeme wa kuuza bado. Viini vya haidrojeni husukumana, na ili vishikane lazima viende mbio mno, kwenye joto linalozidi nyuzi milioni 100. Kitovu cha jua lenyewe ni kama milioni 15. Hakuna chombo kinachohimili moto huo, kwa hiyo gesi hushikiliwa na sumaku isiguse ukuta. Mwaka 2023, muda mfupi kabla ya kufungwa, mashine ya JET huko Culham, Uingereza, ilitoa juli milioni 69 kwa sekunde tano. Hiyo ni nishati ya kama kilo mbili za mkaa, na mashine ilikula zaidi ya ilichotoa. Lakini fueli iliyotumika ni miligramu 0.2, yaani punje moja ya mchele ukiigawa mara mia. Mchimbaji wa Geita anayesaga tani nzima ya mawe apate gramu chache anatuelewa upesi.

Likizo moja tulialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya kata huku nyumbani. Kijana wa kidato cha pili akasimama: "Kama jua linaunganisha viini, ndilo lililotengeneza dhahabu yetu?" Tulifurahi sana. Jibu ni hapana. Jua hugeuza haidrojeni kuwa heli. Nyota kubwa sana kuliko jua huendelea mpaka chuma, hapo moto wa kuunganisha hukoma. Dhahabu hutaka kishindo kikubwa zaidi, kama kugongana kwa mabaki ya nyota zilizokufa, tukio ambalo wanasayansi walilishuhudia tarehe 17 Agosti 2017. Dhahabu ya Geita ilikuwepo kabla jua halijawaka.

Mwaka uliofuata tulimuulizia kijana yule. Tukaambiwa yuko machimboni, anafanya kazi kwenye karasha.

Hatuwadharau wachimbaji, wengi wetu tumesomeshwa kwa jasho lao. Ila swali kama lile lilistahili maabara. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Akauliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akaagiza jambo hilo lipimwe. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja, na mpaka leo dunia inalijadili kwa jina la Mpemba. Tofauti ilikuwa moja tu: swali lilipata mtu wa kulipima.

Ndugu zetu, mnakumbuka tulivyochangia ujenzi wa maabara tatu kwa kila shule ya kata: fizikia, kemia na baiolojia. Kuta tulijenga. Lakini tumeingia kwenye chumba cha fizikia tukakuta madawati na ramani ya Afrika. Mtoto anachora ammita asiyowahi kuishika, kisha anakwenda kwenye mtihani wa vitendo.

Hatuombi mashine ya mabilioni. Tunaomba ammita, voltimita, lenzi, rula za mita, saa za kupimia sekunde, betri na nyaya, shule moja baada ya nyingine. Sisi tutakuja wakati wa likizo ya Desemba, tukae na walimu wiki mbili, tufunge vifaa na kuvijaribu pamoja. Nauli tutajilipia. Risiti zote zitasomwa kwenye mkutano mkuu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mwenye kidogo aandike kidogo, mwenye kingi asijifiche nyuma ya mwenzake. Na yule kijana tumeshaanza kumtafuta.