Ufa Mmoja, Neno Moja: Hali ya Nyumba na Haki ya Kukopa

Kuanzia hapa Nyeri hadi Othaya, Karatina na Nanyuki, nyumba za mbao zilizoezekwa mabati zimepakana na nyumba za mawe. Mwenyewe akitaka kuiweka nyumba yake rehani, benki humtaka mthamini aliyesajiliwa chini ya Sura ya 532 ya Sheria za Kenya. Mthamini hukagua kiwanja, kuta, paa na sakafu, kisha huandika thamani ya soko na thamani ya mauzo ya lazima. Kuhusu hali ya jengo lenyewe, mara nyingi neno moja hutosha: nzuri, wastani, mbovu. Nashikilia kwamba neno hilo halitoshi, na anayeumia kwanza ni mkopaji.

Tazama nyumba ya mawe kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Mfereji wa paa umekatika, na mvua za Machi hadi Mei zinamwagika miguuni pa ukuta. Plasta ya chini inavimba na kubanduka; baadaye ufa unatokea pembeni mwa dirisha, ukipanda kama ngazi kwa kufuata maungio ya mawe. Ukiwahiwa, dawa yake ni mfereji mpya na mtaro wa kuondoa maji. Lakini ripoti ikisema "mbovu" tu, benki hupunguza mkopo au huukataa, na mwenye nyumba hajui kama kilichomponza ni mfereji au msingi. Jirani yake mwenye nyumba ya mbao, kavu, isiyo na mchwa, iliyoinuliwa juu ya msingi imara, naye asihukumiwe kwa sababu ya mbao. Kilichotumika kujenga nyumba ni jambo moja, uzima wake ni jingine.

Njia ya kueleza zaidi ipo. Marekani, tangu 2011, ripoti za uthamini za mikopo inayouzwa kwa Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hutumia madaraja sita ya hali ya jengo, C1 hadi C6. Nyumba ya C6, yaani yenye kasoro zinazohatarisha usalama au uimara wake, haipokelewi na Fannie Mae mpaka itengenezwe ifike angalau C5. Ninalolipenda hapo ni kwamba mlango haufungwi moja kwa moja: mkopaji anaambiwa cha kutengeneza.

Wapo watakaosema benki inalinda akiba za watu, na ni kweli. Lakini hapa Kenya mkopaji naye hulindwa: Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inadai uthamini kabla ya mnada. Ajabu ni kwamba tumeitungia sheria siku ya kuuza nyumba, tukaisahau siku ya kuikopea. Wengine watahofia gharama. Lakini mthamini tayari yumo ndani ya nyumba. Kuorodhesha kasoro tano na makadirio ya fundi hakuhitaji safari ya pili. Benki nayo inaweza kuzuia sehemu ya mkopo hadi paa lizibwe. Waliopata mikopo ni wachache: katika nchi iliyohesabu kaya zaidi ya milioni 12 mwaka 2019, mikopo ya nyumba ilikuwa takriban 30,000 tu mwishoni mwa 2023. Riba na hatimiliki zinachangia sana, lakini hilo si sababu ya kumwacha gizani aliyekwisha kufika mlangoni pa benki.

Kwa kawaida ada ya uthamini hulipwa na mkopaji. Basi wathamini, andikeni kasoro kwa majina yake. Nanyi wenye nyumba, daini nakala ya ripoti mliyoilipia.