Basi Lisimwache Mwanafunzi Kituoni

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa madarasa ya kisomo, Ndalambo, wilaya ya Momba)



Leo tuzungumze juu ya basi. Mwingine atasema, "Basi lina nini cha kuzungumziwa? Si ni kupanda na kushuka tu?" Hapana, ndugu zangu. Mgonjwa huenda hospitali kwa basi. Mbegu za dukani huja kwa basi. Mama mwenye debe la maharage hufika sokoni Tunduma kwa basi. Na mtoto anayesoma mbali na nyumbani huenda shule kwa gari hilo hilo.

Mijini ziko shule zenye mabasi yake, yamepakwa rangi ya njano. Sisi wa vijijini basi la abiria ndilo basi letu la shule. Likimwacha mtoto kituoni, ni kama shule imemwacha.

Msidhani basi la shule lilianza kwa ajili ya watoto wa mjini. Kule Marekani lilianza kwa ajili ya watoto wa wakulima, kwa sababu wao ndio waliokaa mbali na shule. Kwanza walibebwa kwa magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye yakaja mabasi. Mwaka 1939 wataalamu wao walikutana, wakakubaliana mabasi hayo yawe ya njano, ili yaonekane mapema alfajiri na jioni. Kwa hiyo haja hii ni ya shamba tangu mwanzo.

Turudi kwetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Tunduma. Baadaye tukapata barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilometa 220, nayo inapita katika wilaya yetu ya Momba. Na shule je? Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Wananchi walichanga, wakabeba mawe, wakafyatua matofali. Shule za kata zikasimama. Hiyo ni kazi kubwa, tujivunie. Lakini kata moja ina vijiji vingi, na shule imejengwa katika kijiji kimoja. Mtoto wa kijiji cha pembeni ana safari ndefu asubuhi na safari ndefu jioni. Wakati wa masika njia ni tope tupu.

Basi linapita. Mtoto amevaa sare, anapunga mkono. Kondakta anamtazama, gari linaondoka. Hatua kumi mbele anasimama mtu mzima. Gari linasimama! Kwa nini? Wengi tunasema, "Kondakta huyu ana roho mbaya." Ngoja kwanza. Sisi tumejifunza kuhesabu. Tuhesabu.

Zamani mabasi mengi yalikuwa ya mashirika ya umma. Dar es Salaam, kwa mfano, shirika la UDA lilianzishwa mwaka 1974. Lakini mabasi yalikuwa machache, watu wengi. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini humo. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndipo likatoka jina la daladala. Tangu wakati huo magari mengi ya abiria nchini ni ya watu binafsi. Mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni. Dereva na kondakta wakipungukiwa, wanafidia wenyewe au wanapoteza kazi.

Sasa nauli. Chombo cha serikali kinachopanga nauli za mabasi ni LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mwezi wa Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli. Katika daladala za mjini, safari isiyozidi kilometa 10, nauli ya mtu mzima ilitoka shilingi 500 ikawa shilingi 600. Ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200.

Chukua kalamu. Tuseme gari lina viti 15.

Watu wazima 15 mara shilingi 600 ni shilingi 9,000.

Wanafunzi 15 mara shilingi 200 ni shilingi 3,000.

Tofauti ni shilingi 6,000, tena kwa safari moja tu.

Mnaona? Mtu mzima mmoja ni sawa na wanafunzi watatu. Bei hizo ni za mjini, lakini hesabu ya kondakta wa huku ni ile ile. Sheria inamwambia ambebe mtoto, mfuko wake unamwambia amwache. Basi kumlaani kondakta peke yake hakutamfikisha mtoto shuleni. Lazima tuujue mzizi wa jambo.

Mtoto aliyeachwa hufanya nini? Akitembea, anafika saa nne, kipindi cha hesabu kimepita. Akichoka, anarudi nyumbani. Mwisho anaacha shule. Na binti je? Jua linazama, yuko barabarani. Linapita lori linaloelekea mpakani, au kijana wa bodaboda. "Panda, binti, sitaki pesa." Ndugu zangu, lifti ya bure mara nyingi ina malipo yake. Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa mimba. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Kifungo hicho ni kikali. Lakini mtu akifungwa, miaka ya masomo ya binti hairudi. Heri kumlinda kabla.

Tufanye nini? Nawapa mambo manne.

La kwanza, tusome. Mwulizeni Afisa Mtendaji wa kijiji nauli halali ya njia yenu, ya mtu mzima na ya mwanafunzi. Iandikeni kwa herufi kubwa, mbandike kituoni na shuleni. Nauli ikibadilika, badilisheni bango. Daini tiketi, msome kiasi kilichoandikwa.

La pili, tuandike. Gari likimwacha mwanafunzi, andika namba ya gari, siku, saa na mahali. Maneno ya "gari moja jeupe" hayasaidii. Namba inasaidia. Pelekeni taarifa kwa polisi wa usalama barabarani au LATRA.

La tatu, tukae na wenye magari. Iteni mkutano wa kijiji, waalikeni na madereva. Hesabuni watoto wanaosafiri kweli kila siku. Wakiwa 12 na magari ni manne, kila gari libebe watatu kwa saa iliyopangwa. Hapo mzigo umegawanyika, hakuna tajiri atakayeumia. Wazazi wanaweza pia kulipa nauli ya wiki nzima mapema, ili dereva awe na uhakika. Na mtu mzima aliye kituoni aseme, "Watoto kwanza." Akikataa kupanda mpaka mtoto apande, kondakta atasikia.

La nne, tusikubali watoto wajazwe kama magunia. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule moja ya Arusha liliacha njia huko Rhotia, Karatu, likatumbukia korongoni. Walikufa watu 35: wanafunzi, walimu wawili na dereva. Taifa zima lililia. Lile lilikuwa basi la shule hasa. Kwa hiyo gari peke yake halitoshi. Dereva awe mzima, mwendo uwe wa kiasi, kila mtoto awe na kiti. Mzazi aliyemo ndani ya gari akiona mwendo umezidi, asinyamaze.

Najua penye umbali mkubwa sana, hata mpango huu hautatosha. Hapo dawa ni bweni au baiskeli, na hilo nalo ni la kuzungumza mkutanoni. Lakini tusingoje bweni la kesho wakati basi la leo linampita mtoto.

Ndugu wahitimu, mlijifunza kusoma mkiwa watu wazima. Mnajua uchungu wa kuikosa shule utotoni. Umoja ni nguvu. Kijiji kikisema kwa sauti moja, gari litasimama.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Watoto wangapi wa kijiji chetu hupanda gari kwenda shule?
2. Nauli halali ya mwanafunzi katika njia yetu ni kiasi gani? Nani atakwenda kuuliza?
3. Gari lina viti 20. Nauli ya mtu mzima ni shilingi 1,000, ya mwanafunzi ni shilingi 500. Wakipanda wanafunzi wanne na watu wazima 16, kondakta atapata kiasi gani?