Mikono ya Muuguzi Inapopasuka

Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma za afya



Lipo lalamiko ambalo husikika katika foleni za zahanati na vituo vya afya. Mama aliyefika alfajiri na mtoto mwenye homa humwona muuguzi akimaliza kumhudumia mgonjwa mmoja, akinawa, kisha akisimama kando ya sinki na kujipaka mafuta mikononi, kidole kwa kidole. Benchi zima hunong'ona kwamba watu wanaungua kwa homa, naye nesi anajipodoa. Manung'uniko hayo yanaeleweka, maana anayesubiri na mtoto mgonjwa hana dakika ya kuchezewa. Hata hivyo yana kosa ndani yake. Mafuta yale ni sehemu ya kazi ya uuguzi kama ilivyo sabuni, na mtoto aliyebebwa mgongoni pale kwenye benchi ni mmoja wa wanaonufaika nayo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 uliotaja nyakati tano ambazo mhudumu wa afya hana budi kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka dripu au kufunga kidonda, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Chukua muuguzi anayehudumia watu 40 katika zamu moja. Hata kama kunawa mara moja kutahesabiwa kwa mgonjwa anayetoka na anayeingia, bado atanawa mara 40 na zaidi, na kila mara kwa sekunde 40 hadi 60 ikiwa anatumia maji na sabuni. Mkulima arudipo shambani hunawa mara mbili tatu. Yule wa zahanati hunawa mpaka ngozi inasahau kukauka yenyewe.

Ngozi ya juu imejengwa mfano wa ukuta. Seli bapa zimepangwa kama matofali, na kati yake yamo mafuta ya asili yanayoshika nafasi ya udongo wa kuunganishia. Mafuta hayo huzuia maji ya mwili yasitoroke na vijidudu visiingie. Sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta, wala haina macho ya kutofautisha mafuta ya uchafu na yale ya ukuta. Ikipita mara moja, mwili hurudisha kilichopotea. Ikipita mara 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, ukuta hubaki matofali matupu. Hapo ngozi hukakamaa, huwasha, hugeuka nyekundu au nyeusi zaidi kwenye vifundo vya vidole, na mwishowe hupasuka nyufa zinazotoa damu, kama magaga ya miguuni, isipokuwa haya yako mahali ambapo mtu hawezi kuyapumzisha.

Maumivu ya nyufa hizo ni makali, lakini madhara hayaishii hapo. Muuguzi ambaye kila tone la maji linamchoma huanza, pengine bila kukusudia, kunawa kwa haraka au kuruka nyakati nyingine. Vilevile, ngozi iliyochanika hukaliwa na bakteria wengi kuliko ngozi nzima, wakiwemo wale wanaoleta usaha katika vidonda na majipu, na bakteria hao huwa vigumu kuondoka kwa kunawa. Mkono ulioumia kwa ajili ya usafi huweza kupeleka uchafu kwa mgonjwa. Kwa upande wake, muuguzi mwenye nyufa zilizo wazi amefungua mlango kwa virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI pindi anapogusana na damu. Ndiyo maana kila ufa hufunikwa kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuanza zamu, na mwenye vidonda vinavyotoa majimaji hupangiwa kazi nyingine mpaka apone.

Jambo hili lina historia ndefu. Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889, muuguzi wa chumba cha upasuaji aliyeitwa Caroline Hampton alilazimika kutumbukiza mikono yake katika dawa ya kuulia vijidudu iliyotengenezwa kwa zebaki. Ngozi ya mikono yake iliharibika vibaya. Daktari mpasuaji William Halsted, ambaye hakutaka kumpoteza msaidizi huyo, aliomba kampuni ya Goodyear itengeneze glovu nyembamba za mpira zitakazomkinga. Mwaka 1890 wawili hao walifunga ndoa. Wakati ule glovu zilikusudiwa kulinda mikono ya anayezivaa. Kwamba zinamlinda pia mgonjwa ni jambo lililokuja kukubaliwa baadaye. Basi glovu ambazo leo kila mkazi huzitarajia wakati wa kuchomwa sindano au kujifungua zilianzia kwenye mikono ya muuguzi iliyoharibiwa na kazi.

Sasa yafuatayo ndiyo yanayosaidia, na mengi hayana gharama kubwa. Maji ya kunawa yawe ya baridi au ya uvuguvugu, kwani ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi upesi zaidi. Sabuni iwe laini, isiyo na manukato. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo katika baadhi ya vituo huchanganywa na maji na kuwekwa kwenye sinki kwa sababu ndiyo iliyopo, ni kali mno kwa mikono inayonawa siku nzima. Mikono isuuzwe mpaka utelezi wote utoke. Pete ivuliwe kwa saa za zamu, hata ile ya ndoa, kwa kuwa sabuni na unyevu hujificha chini yake. Kisha mikono ikaushwe kwa kugandamiza kitambaa safi cha mtu mmoja au karatasi, pasipo kusugua. Taulo moja linaloning'inia kwa ajili ya wote halifai kwa ngozi wala kwa wagonjwa.

Kuhusu vitakasa mikono vya spiriti, wengi huamini kwamba ndivyo vinavyokausha kuliko sabuni. Ukweli ni kinyume. Kitakasa kilichotengenezwa kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huwa na glisirini ndani yake, iliyowekwa makusudi kwa ajili ya kulinda ngozi, na mikono ambayo haina uchafu wa kuonekana husafishika kwa sekunde 20 hadi 30 bila kuvuliwa mafuta yake kwa kiasi kile cha sabuni. Kinapochoma, ni dalili kwamba ngozi tayari imechanika, hakijaichana chenyewe. Kosa linalofanyika sana ni kutumia vyote viwili kwa kufuatana, sabuni na papo hapo spiriti, kana kwamba usafi ni mara mbili. Damu au uchafu ukionekana, maji na sabuni, usipoonekana, kitakasa.

Mafuta yenyewe hupakwa mwanzoni mwa zamu, wakati wa mapumziko na baada ya kazi, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Hayachukui hata nusu dakika. Nafuu hailetwi na bei wala harufu nzuri; manukato ndiyo mara nyingi huleta mzio. Losheni yenye glisirini hufaa kazini. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi ni mazuri sana, lakini hulegeza mpira wa glovu za lateksi, hivyo nafasi yake ni usiku: yapakwe kwa wingi, kisha zivaliwe glovu au soksi safi za pamba mpaka asubuhi. Kopo moja ambalo kila mtumishi anachovya kidole halina tofauti na lile taulo la wote. Kila mmoja awe na chupa yake, au iwepo chupa ya kubonyeza.

Glovu nazo hazivaliwi juu ya mikono yenye maji, na hazichukui nafasi ya kunawa. Anayevimba, kuwashwa au kupata vipele kila avaapo glovu za lateksi asivumilie kimya kimya. Huo waweza kuwa mzio, ambao kwa baadhi ya watu hufikia kubana kifua, na tiba yake ni kubadilishiwa aina ya glovu. Na klorini ya asilimia 0.5 iliyowekwa kwenye ndoo kwa ajili ya vifaa na sakafu isigeuzwe kuwa maji ya kunawia.

Ndugu wakazi, hapa pana nafasi ya wananchi. Kamati ya usimamizi ya kituo ina wawakilishi wenu, na hupitia mipango na matumizi ya kituo. Glovu na dawa hutajwa katika kila kikao, na ni haki. Sabuni laini, karatasi za kukaushia na chupa ya losheni kwa kila chumba cha huduma husahaulika kwa kuwa huonekana kama anasa. Mjumbe anayeuliza kama vipo, na kama maji yanatoka kwenye sinki la chumba cha kujifungulia, anauliza juu ya usalama wa mzazi na mtoto wake.

Wapo pia wauguzi wasiovaa sare. Ni mke anayemhudumia mume aliyepooza kwa kiharusi, ni binti anayemwogesha bibi na kufua mashuka yake kila siku. Mikono yao hupasuka kwa sababu zilezile, na katika miezi ya kipupwe yenye upepo mkavu hali huzidi. Wafulie kwa glovu za mpira, wapunguze dawa ya kung'arishia nguo, na wapake mafuta kila wanapomaliza. Ndimu, chumvi na dawa ya meno havitibu nyufa, huziumiza. Krimu zenye steroidi zinazouzwa bila ushauri wa mganga hutuliza kwa siku chache, kisha zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na rahisi kuchanika.

Mikono isipopata nafuu kwa wiki mbili, au ikianza kutoa usaha, kuvimba, kupata joto, au wekundu ukipanda kuelekea kwenye mkono wa juu, mhusika aende kituo cha afya bila kusubiri. Aeleze ni sabuni gani anayotumia na hunawa mara ngapi kwa siku, na ikiwezekana aje na pakiti au kopo lake.