Kukiri, Kukubali na Kuachia: Kitenzi 'Concede' Mbele ya Mfasiri



Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 2000, Al Gore alimpigia simu George W. Bush kumpisha katika kinyang'anyiro cha urais wa Marekani. Kabla ya mapambazuko alipiga tena, akaiondoa kauli yake. Tarehe 13 Desemba, siku moja baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu, alitangaza kwamba haafiki hukumu hiyo, lakini anaipokea. Simu ya kwanza na tangazo la mwisho, vyote viwili Kiingereza huvieleza kwa kitenzi kimoja: 'concede'. Wanafunzi wengi hufasiri: "Gore alikiri kushindwa." Naomba tuipime sentensi hiyo.

Kukiri ni kushuhudia ukweli wa jambo linalomhusu mtu mwenyewe: mshtakiwa hukiri kosa, mdaiwa hukiri deni. Anayekiri hawezi papo hapo kuukana ukweli huo. Gore, basi, hakukiri, alikubali matokeo. Aliyekubali ameacha kushindana, hata kama rai yake haijabadilika.

Asili ya 'concede' ni kitenzi cha Kilatini 'cedere', yaani kwenda, kuondoka, kupisha. Kiini chake ni mashindano, na mmoja kumwachia mwenzake alichokuwa akikishikilia. Ndiyo maana hutumika kwa ardhi anayoachiwa adui, na hata kwa bao. Hapo kwenye bao Kiswahili hakihitaji kukiri wala kukubali: timu hufungwa, na kauli ya kutendwa hukamilisha kazi. Katika mjadala nasi husema, "Nakubali kwamba… lakini…". Hoja moja huachiliwa ili nyingine ishikwe barabara.

Suala hili halikomei darasani. Nchini Kenya, mwaka 2013 na tena 2022, Raila Odinga alisema kwamba hakubaliani na hukumu ya Mahakama ya Juu, ila anaiheshimu. Mtangazaji ambaye angeripoti kwamba "amekiri kushindwa" angemtia kinywani ungamo asilolitoa. Wafuasi wangemwona msaliti. Wapinzani wangemwita mwongo siku ambayo angelalamika tena.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, tujiulize: ni nini kilichoachiliwa? Kama ni ukweli uliokuwa ukikanwa, ni kukiri. Kama ni ushindani, ni kukubali. Kama ni kitu, ni kuachia. Kamusi hutupa maneno yote matatu; kuchagua ni dhamana ya mfasiri.