Mtoto Anapogaagaa kwa Hasira



Somo la leo lawahusu hasa wenye watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Mama yu sokoni Kadutu, mjini Bukavu, na mwanawe wa miaka miwili ameona mandazi. Mama asema, "Leo hatununui." Mtoto ajitupa chini, apiga mateke, apaza sauti hata wauzaji wageuka. Wengine husema, huyu ana kiburi; wengine, ana pepo. Sivyo. Tamaa yake ni kubwa kama yetu, lakini maneno yake ni machache, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kujizuia, bado ni changa mno. Haikomai mpaka mtu apite miaka 20. Ongeza njaa, usingizi na jua kali, basi hasira humshinda.

Tazameni sasa yampatayo mama. Macho ya watu yamemzunguka, aibu yampanda, naye aona njia mbili tu: kumpiga au kumnunulia. Nasema wazi, zote mbili hufanywa kwa ajili ya watazamaji, wala si kwa ajili ya mtoto. Akimpiga, mtoto hujifunza ya kwamba mkubwa naye akikasirika hupiga. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Akimnunulia, amemfundisha kuwa kelele ni fedha. Tena kukataa mara tatu na kukubali mara ya nne ni kubaya zaidi, maana mtoto atajua kwamba akidumu kulia, mwishowe atapata.

Basi mama na atue kikapu. Achuchumae karibu, avute pumzi polepole, aseme kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Ulitaka mandazi. Leo hatununui." Yatosha. Wakati ule mtoto hasikii mahubiri (nasi makatekista twapenda mno kuhubiri). Akiwa karibu na moto au njia ya magari, mwinue, umpeleke pembeni. Akipiga, mzuie mikono bila kumwumiza, umwambie, "Sitakuacha unipige." Kisha ngoja. Mara nyingi ni dakika chache tu, ijapokuwa kwa mama zaonekana kama saa nzima. Akitulia, mpakate, mpe maji. Kumpakata si kushindwa; mandazi bado hayakununuliwa.

Nyumbani shauri liwe moja. Haifai baba akatae, kisha nyanya atoe kwa mlango wa nyuma! Nanyi, kabla ya kutamka "hapana", pimeni kama mtaweza kulilinda neno hilo. Mambo madogo, kama kikombe kipi atanywea, mwacheni achague mwenyewe. Mkataze yale yenye hatari au madhara.

Lakini mtoto mtulivu akianza ghafula kulia bila kunyamazika, mguseni mwili kwanza. Akiwa na homa, huenda ni malaria. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Vilevile mwonyesheni mwuguzi au mganga mtoto ambaye huzuia pumzi hata midomo ikageuka rangi, au hujiumiza, au aliyepita miaka minne na bado hugaagaa hivyo kila siku.